Mahali Alipokwama Mstaafu

Jicho, kama wenzake walivyombatiza chuoni, alihitimu uhariri wa video akidhani studio zitamgombea. Wapi. Kila alikobisha hodi aliulizwa uzoefu, kana kwamba uzoefu huuzwa dukani, akawa anarudi mikono mitupu kwa shangazi yake. Na shangazi huyo, ambaye ndiye aliyemlea, hakuwa mtu wa kumeza neno.

"Hivyo vyeti vyako, mwanangu, vinatafuta kazi au vinapunga upepo tu?"

Mwishowe Mama Studio, mwenye chumba kimoja juu ya duka la matairi, akamkubalia siku moja ya majaribio. Alimkalisha mbele ya kompyuta, akamfungulia picha za sherehe ya kumuaga muuguzi mmoja mstaafu.

"Hotuba ya mzee ndiyo yenyewe," alisema. "Sasa, ana kigugumizi. Kitoe chote, kisisikike hata kidogo. Jioni anakuja na mkewe kutazama. Wakiridhika, una kazi. Wasiporidhika, ngazi unazijua."

Binti huyu ilikuwa raha kumtazama akifanya kazi. Alikata silabi zilizojirudia akabakiza neno, akakata pumzi ndefu, akaunganisha, na mzee akaanza kutiririka kama mtangazaji wa redio. Ila kila alipokata, kichwa cha mzee kiliruka kwenye picha kama cha mtu aliyeshtuliwa. Dawa yake wahariri wote wanaijua: unaufunika ule mruko kwa picha ya watazamaji huku sauti ikiendelea. Basi akafungua kamera ya pili, iliyokuwa imeelekezwa ukumbini, atafute nyuso.

Mwingine angechota makofi yoyote akamaliza. Yeye alitazama. Safu ya mbele alikaa mke wa mstaafu, na kila mumewe alipokwama, midomo ya mama yule ilicheza taratibu bila sauti, ikilitengeneza lile neno na kulishikilia mpaka mumewe alifikie. Likishatoka, anafumba mdomo na kusubiri lijalo. Mzee hakumwona hata mara moja, maana akikwama macho yake hushuka sakafuni. Asubuhi nzima alikuwa anatupa kigugumizi, kumbe anatupa na mapenzi ya watu.

Akamfuata Mama Studio. "Mama, naomba tuache mahali pamoja tu. Pale anapomshukuru mkewe."

"Hakuna mtu anayetaka kujiona akikwama," Mama Studio alijibu bila kugeuka. "Utamwaibisha mzee wa watu."

Na hilo halikuwa neno la kupuuza. Jicho mwenyewe aliliogopa. Alirudi kitini, akaifikiria kazi aliyoihangaikia, akautazama tena uso wa yule mama. Kuna watu humwaga unga baada ya miaka kazini. Huyu alikata shauri kuumwaga kabla hata hajapewa. Alisafisha hotuba yote ikang'aa, isipokuwa pale pamoja. Pale aliacha ukimya mzima, picha ikiwa kwa mke. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuvizia, waliposikia wageni wakipanda ngazi alisema, "Mama, kuna mahali pamoja sikukutii."

Mama Studio alimkazia macho, lakini hodi ilikuwa imeshapigwa.

Wageni wakakaa, video ikaanza. Mzee alijisikiliza akitiririka, akawa anatikisa kichwa kwa heshima, kama anayemsikiliza mtu mwingine. Kisha ikafika: "Na mke wangu, na... na... nak..." Mama Studio akainamisha uso. Kwenye kioo, midomo ya mke ilicheza, ikasubiri, ikacheza tena, hadi neno likatoka: "nakushukuru."

Mzee alimgeukia mkewe. "Ku-kumbe?"

"Siku zote," mkewe alisema. "Wewe si unaangalia chini."

Mzee aliomba pale parudiwe. Pakarudiwa. Akatoa kitambaa akafuta machozi mbele yao wote, bila haya, kisha akamnyooshea Jicho kidole huku akiongea na Mama Studio.

"Huyu bi-binti, usi... usim..."

Neno likagoma. Mama Studio alifungua mdomo amsaidie, akaufunga. Safari hii mzee hakutazama sakafu. Alimtazama mkewe, na midomo ya mkewe ilikuwa imeshatangulia, inamngojea.

"Usimwachie," alisema.

"Nani kasema namwachia?" Mama Studio akajibu, akamsogezea Jicho kiti chake mwenyewe.