Recheli Asimame

...asimame, anasema tena Festo, mshereheshaji wetu, kwenye kipaza sauti, Recheli wetu asimame tumwone, na mimi nimekumbatia mkoba wa mama mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, mama mwenyewe yuko hapa pembeni yangu anamenya karanga, Recheli huyo huyo, jina liko kwenye kitambulisho chake cha taifa, na hasimami, anamenya karanga na kunisogezea, shika hizi, zimekaangwa vizuri, sitaki karanga mama, nataka usimame, unataka nisimame mbele za watu na maganda kwenye kanga, anasema, na Festo anagonga kipaza sauti kwa kidole, jenereta linakoroma nyuma ya turubai, asimame jamani, mama yetu asione aibu... aibu ya nini, aibu tuione sisi, Usoke nzima imevaa nguo za sikukuu na kukaa kwenye viti vya plastiki mbele ya stesheni kumpokea Mzee Kasimiri Bundala, ambaye aliondoka hapa hapa miaka ya sabini na gitaa lake na ile Usoke Jazz yake, akawa mtu wa redio, mtu wa Dar, mtu wa nchi nzima, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpelekea hata salamu, leo amerudi na fimbo na miwani myeusi, ameketi jukwaani kimya kama picha ya ukutani, na kila anayekamata kipaza sauti anamkumbuka. Diwani anamkumbuka, diwani ambaye mwaka ule hata mama yake alikuwa hajavunja ungo, anakumbuka umati, anakumbuka vilio vya akina mama stesheni, naona kama leo, anasema, na watu wanapiga makofi, na Mzee Nestory wa kanisani naye anasema vijana wale tuliwalea, tuliwaombea, mliwaombea lini, Mzee Nestory, shikamoo yako lakini mliwaombea lini, waliitwa wahuni, wakakatazwa kupiga hata kwenye harusi za ndugu zao, mama yangu alitengwa na meza ya Bwana msimu mzima kwa kosa la kukaa kwenye benchi bendi ikifanya mazoezi, kukaa tu, kucheza hakucheza, na aliyepeleka habari kwa wazee ni kijana mmoja wa kwaya mwenye sauti ya pili nzuri, ambaye sasa hivi yuko pale mbele anafuta jasho na kusema tuliwaombea, na mama nilipomgusa kiwiko alisema tu, amezeeka Nestory, meno yake si yale... ndivyo tulivyo upande huu, pita, lala, ondoka, ufe, halafu tukujengee kumbukumbu, Kwihara wanalitunza tembe la Mzungu mpita njia wanakata na tiketi, Kasimiri angalau alizaliwa hapa.

Na ule wimbo wake Kasimiri, Mungu anisamehe, ule wimbo nimeuchoka, Recheli usikimbie, treni haina masikio, Recheli futa machozi, moshi utayakausha, harusi zote za mkoa huu wameupiga, hata sendofu yangu waliupiga, mjomba akasema ni wa mama yako huo, cheza, na wasichana wote waliopata kuishi karibu na reli wakageuka kuwa Recheli, kuna mmoja Nzega aliyehojiwa na redio, kuna kaburi Puge wameandika hapa amelala Recheli wa wimbo, na kuna Bibi Levina, huyo safu ya mbele, kilemba kipya, leso tayari mkononi, leso imefika kabla ya machozi, ambaye alikuwa Levina kila siku ya Mungu mpaka wimbo ulipopigwa redioni, ndipo akakumbuka kwamba jina lake la ubatizo ni Recheli, na kitenge kiko pale mezani kwenye sinia, Mzee Kasimiri mwenyewe atamvisha Recheli kwa mikono yake, ndiyo ratiba, na yule mwanamke anajiandaa kuinuka, namwona mabega... Mama, nasema, wanakuita. Wanamwita aliyelia, anasema mama. Si ni wewe. Mimi sikulia, anasema, na anapuliza maganda. Najua hukulia, hii naijua tangu utoto, hii ndiyo hadithi niliyokulia nayo, nimekaa naye mbele ya bani, ile nyumba ndefu ya kukaushia tumbaku, moto unakula magogo, na yeye ananisimulia kwamba alimsindikiza Kasimiri mpaka stesheni, akamkabidhi mfuko wake wa nguo, akageuka, kwa sababu siku ile ilikuwa zamu ya kuchochea na moto wa bani hauna mtu wa kuubembeleza, ukipoa majani yanaharibika rangi, ukizidi bani lote linaungua, msimu wa nyumba nzima unakwenda, kwa hiyo treni ilipopiga honi yeye alikuwa ameshapita njia ya mashambani, amenipa mgongo, wala hakunisikia, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwigiza Kasimiri nikisimulia wenzangu bwenini, na ninavyowasimulia wanafunzi wangu mpaka leo, tazameni, taifa zima linamlilia msichana anayekimbiza treni, na msichana mwenyewe alikuwa anachochea tumbaku, na wanacheka, na mimi najisikia binti wa mwanamke wa maana. Sasa asimame basi, kulia au kutolia kuna nini, wimbo si kiapo mahakamani, nasema, mama, ni wimbo tu, hakuna atakayekuuliza machozi, chukua kitenge chako tukale wali... nani alilia basi, kama kila mtu anataka mtu aliyelia, mtaje. Na mama, bila kuniangalia, karanga ingali shavuni, anasema, aliyelia ni yeye.

Nani. Yeye, Kasimiri, anasema, alishika kile chuma cha mlango wa behewa akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, wenzake wa bendi wote wanatazama, nikaona nikiendelea kusimama pale ataniomba nimwambie asiende, na nitamwambia, nikasema naenda kwenye moto. Lakini si ilikuwa zamu yako. Zamu ilikuwa ya kaka yangu, anasema mama, mimi moto niliukuta unawaka... na Festo anasema mara ya mwisho jamani, asimame, na mimi mdomo wangu uko wazi kwa sababu nusu saa nzima nimekaa hapa nikiwahesabia wenzangu uongo, diwani na umati wake, Nestory na maombi yake, Levina na leso yake, na kumbe na mimi nilikuwa na wimbo wangu, moto wa bani, mwanamke aliyechagua kazi, nimeuimba miaka yote na zamu haikuwahi kuwa yake, alikwenda kukaa mbele ya moto wa mtu mwingine ili asimwone kijana wa watu analia, na yule kijana akachukua machozi yake akayaandika kwa jina la mama, maana wakati ule mwanamume na gitaa lake angeyaweka wapi, na mama akayapokea, akayabeba redioni miaka yote hii, kwenye harusi zote, bila kusema si yangu, na leo akisimama ama aseme ndiyo nililia, ama amrudishie mzigo wake pale jukwaani, mbele ya diwani... nilikuwa nimeshainua mkono, sijui tangu lini, Festo ameuona, anasema naam, dada pale nyuma, una la kusema, na mimi najikuna shingo, naushusha, hapana, endeleeni. Levina anainuka, anapiga kite kabla hata hajafika, vigelegele, na wa kwanza kupiga ni mama yangu, kigelegele kirefu cha Kinyamwezi kinachotoka kooni, mama, nasema, basi, na pale jukwaani Mzee Kasimiri amegeuka, hamtazami Levina anayemjia, ametega sikio upande wetu huku, anavua miwani, anatafuta, taratibu, safu kwa safu, macho yamelowa, na mama ameinama haraka anapekua miguuni pake, anautafuta mkoba wake, mkoba ambao anajua kabisa ninao mimi.