Benchi la Baba Mvuani

Zamu yake ya kufagia ikarukwa tena. Shule ile ilikuwa ndogo, vyumba viwili na ukumbi mwembamba wa kutundikia makoti, na haikuwa na mfagizi. Wanafunzi walifagia kwa zamu, hata binti wa mwalimu mkuu. Yeye, msichana aliyetoka nchi nyingine kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, alifagia tangu alipofika. Lakini siku hizi kila akishika ufagio, mtu anampokonya.

"Lete, Mgeni. Kapumzike," alisema Kidoti, msichana waliyekaa naye dawati moja.

"Nimechoshwa na nini? Au mikono yangu inachafua ufagio?"

"Jamani! Nani kasema hivyo?"

"Basi nipe."

Kidoti akatazama pembeni, akaendelea kufagia.

Si ufagio tu. Walimhamishia kiti karibu na hita, penye joto. Mwalimu mkuu, aliyezoea kumbana kwa maswali ya hisabati mpaka jasho limtoke, sasa alimruka kama hayupo. Akiingia darasani, mazungumzo yanakatika. Wamenichoka, akajiambia.

Jioni, akiwa kwa mama mwenyeji aliyemlaza na kumlisha tangu afike, akapiga simu ya video kwao. Kaka yake akapokea, mvua ikisikika nyuma yake ikipiga bati. Wiki kadhaa sasa Baba hapatikani: mara amelala, mara yuko kwa mteja, mara sauti imemkauka.

"Nipe Baba."

"Katoka kidogo, mdogo wangu. Mtihani lini?"

"Wiki ijayo. Katoka kwenda wapi na mvua yote hiyo?"

Kaka aligeuka kuitazama mvua, na simu ikageuka naye. Uani likaonekana benchi la kurandia mbao.

Baba alikuwa seremala. Benchi lile alilitengeneza mwenyewe, na wingu likitanda tu, kabla hata nguo hazijaanuliwa, alilivuta ndani. Mama, enzi za uhai wake, alikuwa akiliita mke mwenzake. Sasa lilikuwa limelowa chepechepe, maranda yamegandamana juu yake kama uji.

"Kaka. Benchi liko mvuani."

Kaka akaigeuza simu haraka, uso wake ukarudi.

"Baba yuko wapi?"

"Tulitaka umalize mtihani kwanza..."

"Nimekuuliza Baba yuko wapi!"

"Tumeshamzika, mdogo wangu. Mwezi uliopita. Alianguka asubuhi, mchana hakuufikia. Wazee wakakaa, wakasema usiambiwe, uko peke yako ugenini, utachanganyikiwa. Tukampigia mwalimu wako mkuu. Mama mwenyeji wako naye anajua."

Mama mwenyeji, mshonaji, alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mwanangu, walinisihi."

"Usiniite mwanangu! Mwezi mzima tunakula meza moja. Nakusimulia vituko vya baba yangu, unacheka!"

"Nilicheka kwa sababu vinachekesha," mama mwenyeji akasema kwa sauti ndogo.

"Ulicheka ukijua yuko kaburini."

Kumbe ndiyo maana ya ufagio. Walikuwa wamemweka matangani, kama mfiwa asiyepewa kazi, na mwenyewe hana habari. Shule nzima, mpaka wale wadogo wasiojua kufunga kamba za viatu, walijua kwamba baba yake amekufa. Yeye tu, mwenye baba, ndiye hakujua.

Akairudia simu. Kaka alikuwa bado yupo.

"Ingiza benchi ndani."

"Sasa hivi? Mvua hii?"

"Sasa hivi. Simu iweke dirishani, nikuone."

Akamwona kaka yake akitoka, akilivuta benchi, miguu ikiteleza kwenye tope, mabega yakimtikisika kwa kilio. Lilikuwa zito. Hakumwambia pole. Alitazama mpaka mguu wa mwisho ulipovuka kizingiti, ndipo akakata simu, na yeye ndipo akalia.

Asubuhi na mapema alifika shuleni, akachukua ufagio. Kidoti alipomwona hakuthubutu kuugusa. Mwalimu mkuu akaingia, akasimama katikati ya vumbi, kofia mkononi.

"Binti, pole sana. Tulidhani tunakusaidia. Mtihani tunaweza kuuahirisha."

"Nitaufanya. Ndio ulioninyima kumzika baba yangu. Nikiuacha nitakuwa nimekosa vyote."

"Nisamehe, basi."

"Sogeza miguu, Mwalimu. Nafagia."