Siku Sita za Mfereji

Jumamosi moja ya mwaka 1955, wiki ya tatu tangu amzike mumewe, Mwandawiro, Wakesho alikaa kwenye mdomo wa mfereji huko Chawia, akiwasikiliza shemeji zake wakigawa maji. Mvua ilikuwa imesomba kizuizi cha mawe na migomba, na kijito kilipita chini bila kuingia mferejini. Miche yake ya kabichi ilikuwa imeanza kulala. Isingefika Jumamosi nyingine.

Mfereji ulikuwa na siku sita za maji kwa wiki. Jumapili maji yaliachwa yateremke bondeni, watu wakiwa kanisani. Mwandawiro alipokuwa hai, kila nyumba ilipata siku mbili.

"Shemeji, wewe chukua Jumatatu," alisema Donald, mkubwa wao. "Huna mtu wa kubeba mawe."

"Ama nikurithi," Hudson akadakia, "upate na zangu."

"Hudson, nyamaza," Donald alimkemea.

Wakesho hakukasirika. Tangu mazishi, maneno yalimfikia kama yanasemwa ng'ambo ya bonde. Aliweka chini kijiwe, harage na punje ya hindi.

"Jiwe ni mimi," alisema. "Mdomo uko shambani kwangu, hakuna mahali pengine pa kuutoboa. Harage ni Donald, hindi ni Hudson. Kizuizi kinahitaji mwanamume mmoja tu, yeyote kati yenu. Sasa tuseme tunafika mmoja mmoja. Yule ambaye akifika ndipo maji yanatoka, siku ni yake."

"Nani anatangulia?" aliuliza Donald.

"Kila mpango wa kufika una siku yake. Mipango iko sita."

Alizipanga polepole. Jiwe lilipotangulia, maji yalimngoja anayefuata: siku moja ya Donald, moja ya Hudson. Katika mipango minne iliyobaki, maji yalilingoja jiwe.

"Nne!" Hudson aliruka. "Marehemu alichukua mbili, wewe nne?"

"Marehemu hakuuliza."

Donald akaokota harage na hindi, akavifumba katika ngumi moja.

"Sisi tumenyonya ziwa moja. Tunakuja pamoja, au hatuji."

"Basi mipango ni miwili," alisema Wakesho. "Mtangulie nyinyi, au nitangulie mimi. Tatu kwenu, tatu kwangu."

"Na unakubali?"

"Ndivyo hesabu inavyotoka."

Jioni hiyo kizuizi kilisimama.

Jumatatu alinywesha miche, na Jumanne akarudia. Jumatano kabichi zilikuwa zimeinuka, hazikuhitaji tone. Alikuja hata hivyo. Lilibaki tuta la chini, alilolilima Mwandawiro mwezi wa tatu, asiwahi kulipanda. Maji ya siku zao mbili hayakuwahi kulifikia. Wakesho aliyafungulia maji, akasimama na jembe mpaka udongo ukawa mweusi kutoka mwisho hadi mwisho.

"Shemeji!" Donald aliita kutoka shamba lake. "Unanywesha nini hapo?"

Wakesho alilitazama tuta.

"Ni siku yangu," alisema.

Akayaacha maji yaendelee.