Mzinga Uliotiwa Bitana

Nyuki hawakupiga hodi. Waliingia kwa kidirisha cha bafu, wakajishika kwenye bomba la kuogea, wakaning'inia pale kama ndevu za mzee, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeoga akatakata. Watu walijipangusa kwa vitambaa vya maji na kukaa mbalimbali.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi. Mkwe wake, mke wa mwanawe, aliwataka nyuki watoke. Bi Mkasi aliwataka wakae, ila si bafuni. Tangu utoto wake alitamani mzinga wake mwenyewe, na sasa nyuki wamemfuata hadi ndani kama wateja. Unamfukuzaje mteja?

"Mama, baba mkubwa nimeshamwita," mkwe akasema. "Jioni anakuja na dawa yake."

Baba mkubwa huyo alikuwa shemeji yake Bi Mkasi, kaka wa marehemu mumewe, na kazi yake ilikuwa kupuliza dawa ya mende.

"Umemwita muuaji?"

"Nimemwita. Mama, mimi nanuka mpaka mume wangu ananisalimia akiwa uani."

Bi Mkasi hakubishana. Alikuwa na mchana mmoja wa kutengeneza nyumba ya nyuki, la sivyo wageni wake wangezikwa kwa ufagio na kizoleo. Akavunja kabati bovu, akatoa msumeno wa marehemu chini ya kitanda. Muuza asali wa sokoni alikuwa amemweleza vizuri: mzinga ni sanduku, na ndani yake zinaning'inizwa fremu, mfano wa nguo kabatini. Kila fremu ina masikio mawili yanayoshika ukingo wa sanduku. Vipimo vyote alimtajia, na fremu zenyewe alimuuzia zikiwa tayari.

Basi bibi akavuta futi yake shingoni, akapima mbao, akachora kwa chaki. Misumari akaibana kwa midomo kama pini. Na mkono wake, uliokata magauni miaka na miaka, ukafanya kile unachofanya siku zote bila kumuuliza mwenyewe: kila ubao wa sanduku ukauongezea nafasi ya mshono. Kidole huku, kidole kule.

Sanduku likasimama, zuri, limenyooka. Akatia fremu ya kwanza. Ikatumbukia. Akatia ya pili. Nayo ikamfuata mwenzake chini, kwaa!

Mkwe akachungulia. "Mama, hii umewashonea ya kukulia?"

"Nyamaza wewe."

"Kama sare ya shule! Wataivaa mpaka darasa la saba!"

Mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Mkasi naye kicheko kilimtekenya, lakini jua lilishaanza kuteremka na mbao zilikuwa zimekwisha, yamebaki mapande mapande. Akalizunguka sanduku lake kama anavyomzunguka mteja mbele ya kioo. Linapwaya. Na nguo ikipwaya, fundi halii. Unafanyaje?

"Bitana!" akapiga kelele. "Nalitia bitana kwa ndani!"

Hapo hapo buti zikasikika uani. Shemeji alifika na pipa la dawa mgongoni, miwani mikubwa usoni, kama chura aliyeajiriwa.

"Wako wapi?"

"Shemeji, karibu," Bi Mkasi akasema, nyundo mkononi. "Kabla hujaua mtu: kitendawili!"

Sasa, shemeji huyu alikuwa na ugonjwa mmoja. Kitendawili hakimpiti. Hata msibani ukimtegea, atajibu.

"Tega!" akasema kabla hajajizuia.

"Nimeshona gauni, mvaaji hana mwili."

Shemeji akaketi juu ya ndoo, pipa mgongoni. "Kivuli."

"Kivuli nimekishonea lini?" Bi Mkasi akapigilia kipande cha mbao ndani ya sanduku, upande wa mbele.

"Foronya!"

"Mto una mwili kukushinda wewe." Akapigilia kingine upande wa nyuma. Akaweka fremu. Masikio yake yakakaa juu ya vile vipande, ikaning'inia kama koti jipya. Akatoa bonge la nta analopitishia uzi usikatike, akazisugua fremu zote mpaka zikanukia nyuki.

"Mfuko! Soksi! Jini!" Shemeji jasho lilimtoka. "Aa, nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua wowote."

"Nataka bafu."

"Bafu si mji, shemeji!"

"Lina wakazi wengi kuliko huko ulikozaliwa."

Shemeji akacheka. "Haya, ni lako mpaka jua lizame. Wasipoingia humo, napuliza. Na jibu?"

"Pazia. Mvaaji ni dirisha."

Shemeji akajipiga kofi la paji la uso.

Bi Mkasi akajifunika pazia la wavu kichwani, mkwe akafukiza matambara ndani ya kopo. Mlango wa bafu ulikuwa mwembamba, kwa hiyo sanduku waliliingiza kwa kulilaza ubavu, halafu wakatia fremu zake na kuliweka chini ya nyuki. Bibi akaligonga bomba kwa mpini wa ufagio. Kundi zima likaporomoka, puu! Wengine ndani, wengine hewani, mmoja kwenye kisigino cha shemeji, aliyeruka kwa madaha yasiyolingana na umri wake.

Wakangoja. Malkia wao akiwa ndani, wote watamfuata. Akiwa nje, basi tena. Bi Mkasi hakupepesa jicho. Kidirisha kilikuwa kinageuka chekundu, na shemeji ameshashika mpini wa dawa.

Nyuki mmoja akatua kwenye kitundu cha mzinga, akainua mkia, akapepea kuwaita wenzake. Akaja wa pili. Halafu wakaanza kuingia kwa miguu, kwa adabu, kama watu wanaokwenda kwenye harusi.

"Wamekubali," Bi Mkasi akanong'ona, na machozi yakamlowesha pazia. Akafunika kifuniko.

Wakaunyanyua mzinga. Wakafika mlangoni. Ukagoma.

"Ulazeni ubavu," mkwe akasema.

"Umlaze nani ubavu? Wamejaa!" Bi Mkasi akamaka.

"Shemeji, hukupima mlango?" mpuliza dawa akamuuliza.

"Nilipima nyuki."

Shemeji akautazama mzinga, akautazama mlango, akaitazama dawa yake. Akaivua mgongoni. Akachukua nyundo akang'oa mlango pamoja na fremu yake, na nusu ya chokaa. Mzinga ukatoka mzima, umekaa wima, ukavuma mpaka uani.

Walipogeuka, maji yalikuwa yanamwagika. Mkwe ameshaingia, na mlango hakuna.

"Hakuna kugeuka!" akapaza sauti, povu kinywani. "Wote tazameni nyuki!"

Basi mama mkwe, shemeji, na mume aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kazini wakasimama mstari mmoja, migongo kwa bafu, wakiutazama mzinga kama wanapigiwa wimbo wa taifa.