Mama Ndani ya Damu

Jumatatu, katika somo la damu, wanafunzi wa udaktari walijichoma vidole, kila mmoja akapaka tone lake kwenye kioo na kulitia rangi. Mmoja wao, binti mkubwa wa kwao, alipoinamia hadubini alikuta ndani ya kila chembe nyekundu ameketi mama yake, amempa mgongo.

Alimwita mhadhiri. Mhadhiri akatazama, akaongeza mwanga kidogo, akasema chembe ni za mviringo, ukubwa wa kawaida, na mama amekaa vizuri. Akamwambia azihesabu.

Alizihesabu. Mgongo ule aliujua. Tangu mdogo wake agundulike ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, miaka kumi na minne nyuma, mama alikuwa mtu wa kuinamia kitanda kile kingine, cha mgonjwa. Siku aliyopata nafasi chuoni, mama alisema ni vyema, atamfaa mdogo wake. Utotoni aliwahi kuomba naye aumwe mifupa kama mdogo wake, japo wiki moja tu. Hakumwambia mtu.

Alhamisi mdogo wake alizidiwa, akahitaji damu. Maabara ikapima, ikasema ya dada inapatana. Dada akajilaza, akatoa mfuko mzima. Muuguzi aliuinua kwenye mwanga, akawaona akina mama wadogo walivyobanana, akaandika tarehe, akautundika.

Kesho yake dada aliomba tone la damu ya mgonjwa, akadai ni la mazoezi. Mdogo akanyoosha kidole.

"Chukua tu, dada. Yenyewe si yako?"

Chembe za mgonjwa zilikuwa zimejipinda kama mundu. Katikati yake zilielea zile za mviringo, za dada mwenyewe. Ndani ya hizo za mviringo mama alikuwa amegeuka. Katika kila chembe alitazama mbele, uso mkunjufu, kama mtu anayengoja kuitwa.

Roho ilimuuma. Akaibeba hadubini hadi wodini, akaiweka kwenye kabati la kando ya kitanda, akamwomba mama atazame. Mama alitazama kwa muda.

"Ndiyo mimi," alisema. "Nimekonda."

"Kwangu ulinipa mgongo, mama."

"Wewe ni mzima, mwanangu."

Kisha akamkabidhi mashuka ya kufua, akamuuliza kama mwezi ujao atatoa tena.

Akasema atatoa.