Simu Aliyopigishwa Darcy

Uvumi niliusikia saluni, kichwa kikiwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele: Darcy wangu hamalizi msimu. Nikaupuuza, wapi! Ulinifuata jikoni, ukalala nami, ukaamka nami. Katika mji wetu huu wa Saskatchewan, Kanada, timu ya hoki ya barafu ni moja, na kila mtu ana shangazi anayefanya kazi uwanjani.

Mwanangu Darcy alikuwa meneja msaidizi wa timu hiyo. Meneja mkuu, Lorne Hackett, nilimlea mimi. Nyie mnaopokea majumbani vijana wa hoki wanaotoka mbali mnajua: mtoto wa watu anakuja na begi la viatu vya barafu, analia chini ya blanketi akidhani humsikii. Lorne alikaa kwangu mpaka akaota ndevu. Mpaka leo ananiita Mama.

Sasa Lorne alikuwa anavutana na rais mpya wa klabu, Bi Brandt. Lorne alitaka nahodha, Vondra, apelekwe timu nyingine, wapate vijana wawili badala yake. Bi Brandt akasema Vondra haendi popote.

Jumapili Lorne akaja kula kwetu. Nikamuuliza hapo hapo mezani.

"Lorne, mjini wanasema Darcy anatafutiwa mlango wa kutokea."

"Mama nawe! Nani atamgusa mdogo wangu na mimi nipo? Hebu niongezee vitunguu."

Darcy akacheka. "Mama siku hizi redio yake ni saluni."

Lorne akamgeukia. "Dogo, kesho ndiyo siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, na mimi nitakuwa kwenye ndege. Vondra anaondoka. Ligi utaipigia wewe."

"Na Bi Brandt?"

"Nishaongea naye. Kakubali."

Mwanangu akakaa wima kama kavishwa medali. Katika hoki, anayeipigia ligi simu kuandikisha mabadilishano ndiye anayehesabiwa kuwa amemtoa mchezaji. Meneja msaidizi anaweza kuzeeka hajapewa simu hiyo. Hata mimi nilifurahi, nikamfungia Lorne chakula cha kwenda nacho.

Kesho yake Darcy akapiga. Kufika jioni mashabiki wamejaa mlangoni mwa klabu, wanazomea. Bi Brandt akamwita ofisini. Lorne kesharudi, kaketi upande wa Bi Brandt.

"Nani alikuruhusu?"

"Lorne. Alisema umekubali."

Lorne akaangalia meza. "Mimi nilikuwa angani, Darcy. Sauti waliyoisikia ligi ni yako."

"Kaka, si jana tu tumekula pamoja!"

"Mambo ya nyumbani usiyalete hapa."

Darcy akafukuzwa palepale. Lorne kabaki na kiti chake, na Vondra kaondoka kama yeye Lorne alivyotaka. Eti akanipigia: "Mama, usinichukie, ni kazi tu." Nikakata. Mwanangu hatoki chumbani. Anasema hakuna timu itakayompokea, maana kila ofisi imeambiwa ni mtu wa kujiamulia.

Mama mwenye mtoto katika ofisi za timu, mwambie aepuke haya:

Kuipigia ligi kwa agizo la mdomo.

Kutosheka na kuambiwa na mwingine kwamba mkubwa kakubali. Akamuulize mkubwa mwenyewe.

Kuwa upande wa mtu wakubwa wakigombana.

Kumwita bosi kaka, hata kama mmelala chumba kimoja utotoni.

Na wewe mama, epuka kumwamini mtu kwa sababu ulimlisha.