Tabaka la Pili Juu Yake

Mwalimu wa sayansi, ambaye wanafunzi walimbandika jina Bi Darubini kwa kuchunguliachungulia mambo, alikuwa na makopo matatu ya tope, na ole wako uyapumulie. Alilichimba mwenyewe ufuoni, kaa wakimbana vidole. Kopo la kwanza lilikuwa na tope jeusi la chini kabisa, la enzi za mikoko. La pili, udongo mwekundu ulioletwa na mvua miti ya mlimani ilipokatwa. La tatu, kijivu cha juzijuzi chenye vipande vya mifuko ya plastiki. Mpango ulikuwa kuchora ukutani mikanda mitatu ya tope hilo, zamani chini, leo juu. Kesho yake mkaguzi angekuja kuamua kama somo lake la sayansi na sanaa libaki au lifutwe. Likifutwa, anarudi kukaririsha watoto sehemu za ua ubaoni. Hilo hakulitaka hata kwa dawa.

Kupaka alimwachia mwalimu wa sanaa, mdogo wa mumewe, aliyekuwa fundi rangi wa nyumba kabla ya ualimu. Kwa kuwa shemeji ukimwambia kwa mdomo linaingia huku linatokea kule, alimwandikia karatasi: "Paka tabaka la kwanza. Likikauka, paka la pili juu yake. Kisha la tatu juu yake."

Sasa niambie wewe, kosa la nani?

Asubuhi alimfungulia mkaguzi mlango kwa madaha. Ukuta wote ulikuwa wa kijivu, toka sakafuni hadi darini. Wanafunzi walisimama pembeni, matope mpaka kwenye nyusi.

"Nimepiga mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, shemeji," alisema mwalimu wa sanaa. "Hutaona hata alama ya brashi."

"Nilisema juu yake."

"Na iko juu yake."

"Juu kama ghorofa, shemeji."

"Si ungeandika ghorofa."

Bi Darubini alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkaguzi akatoa kalamu. "Historia iko wapi? Mimi naona tope."

"Iko chini," alijibu msichana mmoja kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni chooni. Akakwangua kwa kijiko. Wekundu ukatokea, kisha weusi. "Mikoko hii hapa. Tumeifunika."

Mkaguzi alichungulia, akajaribu kwa ukucha, akakunja mikono ya shati. Nusu saa darasa zima likakwangua.

"Hapa peupe. Nimefika mwaka gani?" aliuliza.

"Mheshimiwa, huo ni ukuta. Umepitiliza."

"Na kule ufuoni, tukikwangua tutaikuta mikoko?"

"Kule tutakuta tope tu," alisema Bi Darubini. "Mikoko inabidi ipandwe."

Mkaguzi akaichukua tena kalamu yake. Kisha akaandika, kwa vidole vya matope, kwamba somo liendelee na miche itafutwe. Bi Darubini alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, ila kwa shemeji alifunga mdomo. Angemsifu, angeringa mwaka mzima.